Tunaomba ufunguo kabla ya masika: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya nyumba ya Mjerumani hapa Tanga

Waheshimiwa viongozi wetu, shikamooni, na wale wa rika letu hamjambo.

Naandika hadharani kwa sababu barua za bahasha tumeshapeleka nne, zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa halafu kimya, na mimi sio mtu wa kugombana na ofisi, nimefundisha shule miaka 31 najua faili linavyotembea na najua mna mengi mezani. Lakini sasa hivi ni Februari. Masika inaanza mwezi wa tatu, na ile nyumba masika hii ikiikuta vile ilivyo sidhani kama itavuka.

Nyumba mnaijua, ipo kwenye njia ya kwenda Raskazone, ghorofa moja, kuta nene za mawe na chokaa, varanda pana upande wa bahari, bati zilizokuwa nyekundu zamani. Namba ya kiwanja siitaji hapa, ofisini kwenu ipo. Watu wote wa mtaani wanaiita nyumba ya Mjerumani na ukimwambia bodaboda hivyo anakufikisha bila kuuliza.

Wiki mbili zilizopita mlinzi alitufungulia tukaingia watatu, mimi, fundi mwashi wetu na kijana mmoja wa chuo anayetupigia picha. Upande unaopigwa na upepo wa kusi bati tatu zimeshang'oka. Tatu tu! Maji yanaingia pale, yanateremka na ukuta kwa ndani, yanakwenda kukaa palepale boriti zinapoingia kwenye ukuta. Nilichukua ufunguo wa baiskeli yangu nikabonyeza kichwa cha boriti moja, ukazama mpaka nusu, kama vile unabonyeza muhogo uliooza. Nikasogea hatua mbili katikati ya chumba nikagonga boriti ileile, ikalia, nzima kabisa, ngumu kama chuma. Ndo mkoko ulivyo, ukiwa mkavu unakaa miaka mia na zaidi hata mchwa anauogopa, ila ukiuacha kichwa chake kwenye ukuta unaolowa kila mwaka unaoza pale pale kichwani na kwengine kote huoni kitu. Fundi alihesabu boriti sita za namna hiyo. Akasema bati tatu na boriti sita, basi, hii nyumba haina ugonjwa mwingine wa haraka. Lakini boriti hizo zikiachia, sakafu ya juu inashuka, na sakafu ikishuka inauvuta ukuta wa varanda, na ukuta wa varanda ukienda hapo hata mje na mabilioni mtakuwa mnajenga nyumba mpya.

Hapa kwetu mvua kwa mwaka inapita milimita 1,000 na sehemu kubwa inamwagika masika. Ndo maana nahesabu siku.

Sasa naomba mnielewe vizuri, hatuombi hela. Sisi kikundi chetu cha kutunza mambo ya kale ya mji ni watu 23, walimu wastaafu, mafundi, mama mmoja anauza chakula kule Ngamiani, vijana wa bodaboda wawili, wanafunzi, na mzee mmoja aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu. Tumechanga shilingi 5,000 kila mtu kila mwezi kwa miaka miwili, jumla 2,760,000, tumeshanunua bati, tumeshanunua chokaa, boriti tumeahidiwa za kihalali zenye kibali. Mafundi wamesema kazi ya mikono watatoa bure. Kitu tusichokuwa nacho ni karatasi moja ya ruhusa yenye sahihi yenu, na ufunguo. Bila hiyo karatasi tukipanda juu ya paa tunaonekana wavamizi, na mwaka jana kijana wetu mmoja alipanda kufunika turubai tu mvua isipite akaitwa kuhojiwa. Hatukulalamika, tulisema sawa, tufuate utaratibu. Utaratibu ndo huu tunaufuata sasa mwaka wa tatu.

Niseme kidogo kuhusu chokaa maana hapa ndipo nyumba nyingi za zamani zinauliwa na watu wenye nia njema kabisa. Ile nyumba chini, upande wa stoo, miaka ya nyuma kuna mtu aliona lipu inabanduka akaleta simenti akapiga lipu mpya safi, ikapakwa rangi, ikapendeza. Leo nendeni mkaiangalie. Simenti imesimama kama ganda la yai, gonga utasikia tupu nyuma, na ukuta wa mawe ndani umelowa chapachapa na chumvi imetoka nyeupe kama unga wa sembe. Ukuta wa zamani unapumua, maji yanayopanda kutoka ardhini yanatokea kwenye lipu ya chokaa yanakauka na upepo wa bahari, ukiuziba na simenti yale maji hayana pa kutokea yanazidi kupanda ndani na chumvi inakwenda inalima jiwe taratibu. Chokaa laini ndo dawa yake. Wazee wetu wa pwani walijua hili kabla Mjerumani hajafika, walikuwa wanapanga matumbawe juu ya magogo wanachoma usiku kucha mpaka jiwe linakuwa jeupe na jepesi, wakilimwagia maji linafoka lenyewe na kuvunjika kuwa unga, halafu wanaiacha kwenye shimo ilale mpaka ilainike. Sisi hatuchomi matumbawe, bahari imechoka, tumenunua chokaa ya mawe, na mifuko 40 imelowekwa kwenye mapipa nyumbani kwa fundi tangu Septemba. Kila siku chache anakwenda kuigeuza na kuiongeza maji. Ukiichota sasa hivi ni kama siagi. Sijui niseme nini zaidi ya hapo, chokaa ipo tayari na ukuta upo unangoja.

Najua kuna swali linalozunguka hata ndani ya ofisi, kwamba hivi kwa nini tuhangaike na nyumba ya mkoloni, si ivunjwe tu tujenge kitu chetu. Hilo swali mimi nalichukulia kwa uzito maana babu yangu mzaa baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge. Sitaki mtu anifundishe uchungu wa ule wakati. Kodi ya kibanda ilivyoanza, 1897 kwenda 1898, watu wa huku walitakiwa kutoa rupia ambazo hawakuwa nazo, na asiyekuwa nazo akaingizwa kazini. Bushiri, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, alinyongwa Pangani hapo, Desemba 1889, sio mbali na hapa. Mkonge wenyewe uliletwa na Dakta Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, miche 1,000 ikasafirishwa, ikafika Tanga mizima 62, na hiyo 62 ndo ikaja kuzaa mashamba yote yaliyomeza migongo ya babu zetu. Mwaka huohuo Wajerumani wakaanza reli kutoka hapa Tanga, 1896 ikafika Muheza, 1905 Mombo, halafu ikapandishwa mpaka Moshi. Nyumba ile ilijengwa katika hiyo safari ya mwisho, ya kwenda Moshi, kwa ajili ya bwana mkubwa mmoja wa reli.

Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Waingereza waliuchukua mji Julai 1916. Kwa hiyo Mjerumani alilala ndani ya nyumba ile miaka kumi na kitu tu, pengine haifiki. Mwingereza akakaa mpaka Uhuru, 1961. Kuanzia hapo mpaka leo ni yetu, miaka zaidi ya 60, kuliko yeyote kati yao. Mimi mwenyewe nimekunywa uji kwenye ile varanda nikiwa na miaka sita, shangazi yangu aliolewa na karani wa serikali na walipewa vyumba viwili vya juu, familia nne zilikuwa humo, kila moja na jiko lake la mkaa pale nyuma. Nakumbuka ngazi ya mbao ilikuwa inalia ukikanyaga ya tano kutoka chini. Bado inalia, nimejaribu. Watoto waliozaliwa humo wengine sasa wana wajukuu. Hiyo historia nayo ya mkoloni?

Na kuna kitu kimoja nataka mje mkione kwa macho yenu, ndo kilichonifanya nisilale. Chini ya ngazi kuna kistoo kidogo cha kuhifadhia mafagio, giza, huwezi kusimama wima. Kwa vile hakuna bwana yeyote angeingia mle kuangalia, lipu yake haikulainishwa, imeachwa na mistari ya mwiko. Fundi wetu alimulika na simu akaniita, mwalimu hebu njoo. Kwenye lipu kuna kiganja cha mtu. Vidole vinne na gumba, vimezama vizuri, hata ule mkunjo wa kiungo unaonekana. Alijiegemeza lipu ikiwa mbichi, au aliuweka makusudi, mimi naamini aliuweka makusudi. Mkono mdogo, wa kijana. Fundi akaweka wake juu ukapita kidole kizima. Halafu akaangalia mistari ya mwiko inavyozunguka akasema huyu alikuwa wa shoto, angalia, kila mzunguko unaanzia huku. Tulikaa pale tumeinama watu watatu hakuna aliyesema kitu.

Jina lake halipo popote. Mwenye nyumba bila shaka jina lake lipo kwenye makaratasi ya Berlin huko, aliyechora ramani naye lipo, yule wa shoto ameacha kiganja tu kwenye stoo ya mafagio. Mkiivunja nyumba kwa hasira ya mkoloni, mkoloni hapotezi kitu, makaratasi yake yamehifadhiwa vizuri sana. Anayepotea ni yule kijana.

Ndo maana sisi tunataka nyumba itengenezwe na isemwe yote, kuanzia kiganja hicho. Chumba kimoja kiwe cha reli, tunazo taa za zamani na vitabu vya zamu alivyotunza yule mzee wetu wa reli kwenye sanduku chini ya kitanda. Chumba kingine kiwe cha kusomea watoto wa shule za jirani maana Tanga ni mji wa kusoma, gazeti la Kiongozi lilikuwa linachapwa hapa hapa kwenye shule ya serikali na wanafunzi kabla ya vita ya kwanza, kwa Kiswahili, watu wakisomeana barazani. Na ukutani iandikwe habari ya Novemba 1914, askari wa Mwingereza waliotoka India waliposhuka kule Raskazone wakapita upande huuhuu kuja mjini wakapigwa mpaka wakarudi melini, kila mtoto wa Tanga anajua habari ya nyuki waliowavamia askari hao ila ukimuuliza mapigano yalipita wapi hajui kwamba anapita hapo kila siku akienda kuogelea.

Mtasema hayo ni ndoto za wastaafu. Basi tuangalie waliofanya. Boma la zamani hapa hapa Tanga liliokolewa na watu wa mji huu chini ya taasisi ya Urithi na leo ni makumbusho, mnaingia na wageni wenu. Boma la Arusha la Mjerumani ni makumbusho ya viumbe. La Iringa limefunguliwa makumbusho 2016. La Mikindani lilikuwa gofu, likatengenezwa likawa hoteli na vijana wa pale wakapata kazi. Upande wa pili sipendi kuutaja ila lazima. Boma la Bagamoyo lilikaa likisubiri, mvua za El Nino za 1997/98 zikaja zikaangusha sehemu yake. Beit el Ajaib kule Unguja, jumba la 1883, ndani ya Mji Mkongwe uliomo kwenye urithi wa dunia tangu 2000, sehemu yake kubwa ilianguka mchana wa tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Lile lilikuwa na wataalamu, lilikuwa na fedha, lilikuwa na jina duniani kote, na bado lilianguka mafundi wakiwa ndani. La kwetu lina turubai.

Kuhusu sheria, kijana wetu mmoja anayesoma sheria ametuelewesha na naomba wale wanaosoma barua hii kwa mara ya kwanza nao walijue. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mjerumani amekuja baada ya hapo miaka 20 na zaidi, kwa hiyo nyumba zote za aina hii, za Tanga, za Lushoto, za Dar, za Moshi, hazina ulinzi mpaka waziri mwenye dhamana atangaze kwenye Gazeti la Serikali. Yaani mtu akiamka kesho na kibali cha kubomoa, sisi tutakuwa tunalia tu, hatuna kifungu cha kushika. Pale mtaa wa Samora, Dar, jengo la zamani la Salamander lilivunjwa watu wakiangalia. Na Tanga ya sasa hivi viwanja vimepanda, bandari imepanuliwa, bomba la mafuta linakuja kuishia Chongoleani, kila wiki naona magari ya vioo vyeusi yanasimama mbele ya ile nyumba watu wanashuka wanaangalia kiwanja. Hawaangalii nyumba. Wanapiga picha upande wa bahari.

Sisemi mji usijengwe. Vijana wetu wanahitaji kazi na mimi mwenyewe nina watoto wawili wanatafuta. Ila kiwanja cha kujenga godauni au hoteli Tanga hakijaisha, na nyumba ya namna ile zilizobaki mnaweza kuzihesabu kwa vidole mkiwa mmekaa kwenye gari.

Tunachoomba kwa sasa ni kidogo na tumekiandika kwenye barua ya nne, nakirudia ili kila mtu ajue tuliomba nini. Mtupe ruhusa ya maandishi kuziba paa na kubadili zile boriti sita kabla masika haijaanza, chini ya usimamizi wa mhandisi wenu mtakayemchagua wenyewe, akisema simama tunasimama. Mmwombe mtaalamu wa Mambo ya Kale aje aangalie aanzishe mchakato wa kuitangaza, nauli yake na chakula tutachanga. Na wakati hayo yanaendelea, pasitolewe kibali chochote cha kubomoa kwa kuangalia ufa kwa macho kutoka barabarani. Mkataba wa kuitumia, miaka kumi au mingapi, tutakaa tuzungumze baadaye mkiwa na nafasi, hilo halina mvua nyuma yake.

Kama kuna sababu ya kutukatalia tuambieni tu. Labda nyumba ina kesi, labda ina mwenyewe tusiyemjua, labda kuna mpango mkubwa zaidi, sisi ni watu wazima tutaelewa na tutazungumza. Mzee wetu wa reli ana miaka 84. Kila tukikutana Jumamosi anauliza swali moja tu, wamejibu? Nikimwambia bado anatikisa kichwa anaendelea kusafisha zile taa na kitambaa. Safari hii alinishika mkono akasema mwalimu waandikie tena, watu wa ofisini ni watoto wetu, hawawezi kutukataa wakituelewa. Kwa hiyo nimeandika kwa sababu yake pia.

Jumamosi tarehe ya kwanza ya Machi tutakuwa pale getini kuanzia saa mbili asubuhi, watu 23, bati tatu, ngazi mbili za kuazima, boriti, mapipa ya chokaa yatakuja na mkokoteni. Hatutavunja kufuli wala hatutapiga kelele, tutakaa kwenye kivuli cha mwembe. Mwenye ufunguo akifika muda wowote kabla ya jua kuwa kali, fundi anasema bati zinaweza kuwa zimekaa kabla ya adhuhuri.

Wenu,
mwalimu mstaafu, kwa niaba ya kikundi, Tanga